Kununua nyama ya halali mtandaoni ukiwa Uingereza: maswali ya kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa

Swali la msomaji: Assalaam alaykum. Mimi ni muuguzi kutoka Mombasa, na tangu nihamie Truro, kule Cornwall, sijapata bucha la Waislamu karibu nami. Nimeona maduka kadhaa ya mtandaoni yanayouza mbuzi, kondoo, ng'ombe na kuku kwa jina la halali, mengine kwa bei nafuu ya kushangaza. Nitajuaje kwamba nyama ni halali kweli, na kwamba itanifikia ikiwa bado nzima? Pia yuko ndugu mmoja katika kundi letu la WhatsApp anayechinja shambani na kusambaza majumbani. Je, si afadhali huyo ambaye angalau tunamjua?

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Nianze na jambo linalowapotosha wengi, nalo ni lile neno halali lililoandikwa kwenye ukurasa wa duka. Katika biashara ya nyama ya Uingereza neno hilo halina fasili ya kisheria. Hakuna ofisi ya serikali inayompa muuzaji kibali cha kulitumia, wala hakuna sharti la kuandika kwenye pakiti kama mnyama alizimishwa kwa umeme kabla ya kuchinjwa au hakuzimishwa. Sheria ya Usalama wa Chakula ya 1990 inakataza kuuza chakula kwa maelezo ya uongo, kwa hiyo anayeuza kibudu kwa jina la halali anaweza kushtakiwa, lakini mashtaka huja baada ya mtu kugundua, na mlaji aliyekwisha kula hana faida nayo. Kwa hiyo unachohitaji kukijua kabla ya kulipa ni nani aliyechinja, kwa njia gani, na ni nani mwingine, asiye na faida katika mauzo hayo, aliyekuwepo kuangalia.

Wanyama wengi wanaochinjwa Uingereza kwa ajili ya Waislamu huzimishwa kwanza, na wengi wetu tuliotoka pwani hatulijui jambo hili mpaka tumekaa huko miaka. Kondoo na mbuzi hubanwa kichwani kwa koleo lenye umeme kwa sekunde chache. Mnyama hupoteza fahamu, na asipochinjwa anaweza kuzinduka na kusimama, ndiyo maana baadhi ya wanazuoni na taasisi wameikubali njia hiyo, kwa hoja kwamba kisu kinamkuta bado yu hai. Ng'ombe mara nyingi hupigwa kwenye paji la uso kwa bastola yenye chuma kinachopenya fuvu, na hapo ubishi ni mkubwa zaidi, kwa sababu pigo hilo huharibu ubongo na mnyama hazinduki tena. Kuku wa viwandani huning'inizwa miguu juu kwenye mnyororo unaotembea, na vichwa vyao hupita ndani ya beseni la maji yenye umeme. Mkondo ukiwa mkali kupita kiasi baadhi yao hufa palepale, na kuku aliyekufa kabla ya kufikiwa na kisu ni kibudu hata kama mchinjaji alitaja jina la Mwenyezi Mungu juu yake. Baada ya beseni, kuna viwanda ambavyo wachinjaji wamesimama wakikata kwa mkono kuku mmoja mmoja, na kuna vingine ambavyo kisu cha mashine kinazunguka na mtu yuko kando akisoma bismillahi. Nyama ya viwanda hivi vyote huuzwa kwa jina moja, na mara nyingine hulala rafu moja. Kwa maoni yangu kuku ndiye anayestahili maswali mengi kuliko nyama nyingine yoyote utakayoagiza, na ndiye ambaye watu humuulizia kidogo kwa sababu bei yake ni rahisi.

Mimi ni mkaguzi wa nyama, si mufti, kwa hiyo hukumu ya kuzimisha mnyama uipeleke kwa shekhe unayemwamini. Lakini kuna tofauti moja ya kimadhehebu ambayo itakusaidia kuelewa unachokisoma kwenye tovuti hizo. Wewe umekulia kwenye madhehebu ya Shafi, ambayo yanaweka sharti la kukata koromeo na umio, na kusoma bismillahi wakati wa kuchinja ni sunna iliyokokotezwa. Soko la nyama ya halali la Uingereza limejengwa zaidi na Waislamu wenye asili ya Pakistan, India na Bangladesh, ambao wengi wao ni Hanafi: kwao bismillahi ni wajibu, na mwenye kuiacha makusudi nyama yake hailiwi, na katika koromeo, umio na mishipa miwili ya shingo, angalau vitatu ni lazima vikatwe. Kwa sababu hiyo utaona maduka yakisisitiza sana kwamba kila mnyama alisomewa bismillahi mmoja mmoja, na si kwa kanda iliyorekodiwa. Nyama iliyotimiza sharti la Hanafi la bismillahi imetimiza na la kwako, lakini kwenye kukata, vile vitatu vinaweza kuacha koromeo au umio, kwa hiyo hakikisha vyote viwili vimekatwa.

Kuhusu taasisi zinazokagua soko hilo na kutoa nembo ya halali, majina mawili utayakuta mara nyingi zaidi. La kwanza ni Halal Food Authority, iliyoanzishwa 1994, ambayo inakubali mnyama azimishwe kwa sharti kwamba kule kuzimishwa kusimuue. La pili ni Halal Monitoring Committee, inayojulikana kwa herufi HMC, iliyoanzishwa 2003 na yenye makao yake Leicester. Hii haikubali kuzimisha wala kisu cha mashine, huweka wakaguzi wake machinjioni, na hufuatilia nyama hadi kwenye maduka na mikahawa iliyosajiliwa nayo. Sikuambii uchague ipi. Ninachokuambia ni kwamba nembo mbili hizo zinathibitisha mambo mawili tofauti, na duka linaloandika kwamba nyama yake imethibitishwa bila kutaja imethibitishwa na nani halijakuambia chochote.

Nembo yenyewe pia usiiridhie kwa kuiona tu. Picha ya nembo hunakiliwa kwa kubonyeza mara moja, na zipo tovuti zinazobandika nembo ya mtu aliyewauzia nyama ilhali wao wenyewe hawajasajiliwa. Nenda kwenye tovuti ya taasisi iliyotajwa, tafuta jina la duka kwenye orodha yao, kisha linganisha anwani. Kama duka halimo, piga simu na uulize, kwa sababu huenda jina la kibiashara ni tofauti na jina la kampuni. Angalia pia cheti kinahusu nini: kipo cha machinjio, kipo cha kiwanda cha kukatia nyama, na kipo cha duka linalouza. Nyama ikitoka kwenye machinjio yenye cheti, ikapita kwenye kiwanda kisicho na cheti kinachokata nyama za kila namna kwenye meza moja, ule mnyororo umekatika katikati, na hakuna aliyedanganya hata mmoja.

Kuna alama nyingine ambayo wanunuzi huichanganya na halali. Kwenye pakiti za nyama utaona duara la yai lenye herufi GB au UK na namba. Hiyo ni namba ya kibali cha machinjio au kiwanda chini ya wakala wa viwango vya chakula, yaani Food Standards Agency, na maana yake ni kwamba mahali hapo panakaguliwa kwa usafi. Daktari wa mifugo wa serikali aliyepo machinjioni hutazama afya na hali ya mnyama. Kama mchinjaji alisoma bismillahi au hakusoma si kazi yake. Hata hivyo namba hiyo ina faida kubwa kwako ukijua kuitumia. Kwa nyama ya ng'ombe, sheria inataka lebo ionyeshe nchi aliyozaliwa, alikolelewa, alikochinjwa pamoja na namba ya machinjio, na ilikokatwa nyama pamoja na namba ya kiwanda. Orodha ya vibali hivyo iko wazi mtandaoni. Ukipokea pakiti yako ya kwanza ya ng'ombe, chukua namba iliyo mbele ya neno la kuchinjwa, itafute kwenye orodha, utapata jina la machinjio, kisha uiulize taasisi iliyotoa nembo kama machinjio hayo yako chini yake. Ni kazi ya robo saa tu. Kwa kondoo, mbuzi na kuku waliofungwa kwenye pakiti, lebo hulazimika kutaja nchi tu ya kulelewa na ya kuchinjwa, kwa hiyo kwao itabidi umuulize muuzaji moja kwa moja.

Mwandikie barua pepe kabla ya kuagiza, usipige simu, ili majibu yabaki kwenye maandishi. Muulize ng'ombe, kondoo na kuku wake wanachinjwa machinjio gani, kama wanazimishwa na kwa njia gani, kama kuku wanachinjwa kwa mkono, na ni taasisi gani inayokagua duka lake lenyewe. Muuzaji anayejua bidhaa yake hujibu kwa majina. Atakuambia kondoo wanatoka machinjio fulani, hawazimishwi, kuku wanazimishwa kwenye maji lakini wanachinjwa kwa mkono, na cheti hiki hapa. Jibu la namna hiyo, hata kama lina jambo usilolipenda, ni bora kuliko jibu la kwamba nyama yetu yote ni halali kwa asilimia mia, dada usiwe na wasiwasi. Mwenye kukasirika kwa kuulizwa, muache na nyama yake.

Wakati huohuo usijitie kwenye wasiwasi usio na mwisho. Imo katika Sahihi Bukhari hadithi ya Bi Aisha, kwamba watu walimwambia Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa kuna watu wanaowaletea nyama na hawajui kama wameitajia jina la Mwenyezi Mungu au la, naye akawaambia walitaje wao jina hilo na wale. Wanazuoni huieleza kuwa ni katazo la kumchimba Mwislamu ambaye uislamu wake unajulikana. Inahusu mtu anayejulikana, na tovuti isiyo na anwani wala jina la mwenye mali haimo humo. Lakini ukishapata duka lililojibu na kukaguliwa, huna haja ya kurudia uchunguzi kila wiki.

Nyama ya kusaga, soseji na baga ni mlango mwingine. Kipande cha paja chenye mfupa ni vigumu kukidanganya, lakini kilichosagwa kinaweza kuchanganywa na chochote. Mwaka 2013, wakati kashfa ya nyama ya farasi ilipotikisa Ulaya, pai zilizopelekwa magerezani England na Wales zikiwa na alama ya halali zilikutwa na vinasaba vya nguruwe. Kwa hiyo agiza kipande kizima na usage mwenyewe, au nunua iliyosagwa kwa duka ambalo limekaguliwa mpaka kwenye mashine ya kusagia. Kwenye soseji uliza pia ngozi yake imetengenezwa kwa nini.

Mbuzi nao wana hadithi yao. Ufugaji wa mbuzi wa nyama si mkubwa Uingereza, nyama yake ni ghali, na ni rahisi kwa muuzaji mjanja kumtumia mtu kondoo mzee aliyekatwa vipande vya biriani akimwita mbuzi. Mafuta ya kondoo ni mengi, meupe, na yakipoa huganda ulimini kama nta. Mbuzi ana mafuta machache na nyama yake ina nyuzi nyembamba. Bei ikiwa chini ya ile ya kondoo, usijidanganye. Angalia pia unalipia uzito gani. Kondoo wa kawaida wa Uingereza aliyechunwa huwa na kilo 18 hadi 20, kwa hiyo nusu yake ni takriban kilo 9 au 10 pamoja na mifupa na mafuta, na muuzaji mwingine hukupimia kabla ya kuyatoa mafuta. Omba uzito wa baada ya kusafishwa uandikwe kwenye oda, na kama unataka kichwa, miguu au matumbo ya supu, sema mapema, maana wengi hawaviweki mpaka waombwe.

Sasa safari ya kifurushi, ambayo kwa mtu aliye Cornwall ni ndefu, kwani maduka makubwa yako Birmingham, Leicester, Bradford na London. Kwenye duka na ghala, sheria ya England inataka nyama mbichi isizidi nyuzi joto 8, na wakaguzi hushauri iwe 5 au chini. Kifurushi kinachopelekwa kwa mlaji kwa njia ya posta hakifungwi na namba hiyo. Kinatakiwa tu kisisafiri kwenye joto linalohatarisha afya. Hiyo ndiyo nafasi ambayo wauzaji wazembe huitumia. Muulize wanafungaje: sanduku lenye kitambaa cha sufi au boksi nene la povu, vipande vya barafu vya kutosha, na msafirishaji wa kufika siku inayofuata. Agiza ipokelewe kati ya Jumatano na Ijumaa, na siku usiyo na zamu, au mpe jirani ruhusa ya kupokea. Oda inayotumwa Ijumaa ikikwama hulala kwenye ghala la msafirishaji hadi Jumatatu.

Kikifika, usikitupe kwenye friji kwanza. Fungua palepale, ingiza kipimajoto kati ya pakiti mbili zilizobanana, usubiri namba itulie. Ikisoma chini ya 5, vizuri. Kati ya 5 na 8, pika siku hiyo au kesho yake. Ikipita 8 piga picha ya kipimajoto, ya barafu iliyoyeyuka na ya lebo yenye tarehe, kisha mwandikie muuzaji kabla hujafanya lingine lolote. Ng'ombe aliyefungwa kwenye plastiki isiyo na hewa hutoka na rangi ya zambarau iliyofifia na harufu kidogo ya uchachu, na wengi humtupa bure. Iache wazi nusu saa, itarudi nyekundu na harufu itaondoka. Kuku mwenye uteute na harufu isiyoondoka, huyo hana msamaha. Na najua sote tumelelewa kuosha kuku kwa maji mengi na ndimu, lakini maji ya bomba hutawanya vijidudu vya kampilobakta kwenye sinki na vyombo. Mtie ndimu, chumvi na tangawizi kwenye bakuli bila kufungulia bomba, na ladha utaipata ileile.

Kabla ya kulipa, tafuta pia alama ya usafi ya duka kwenye tovuti ya Food Standards Agency, ambayo huanzia 0 hadi 5. Binafsi sinunui nyama kwa aliye chini ya 4. Duka lisilo na alama kabisa ilhali limekuwa likiuza kwa miaka, uliza limesajiliwa kwa halmashauri ipi.

Hapo tunafika kwa yule ndugu wa WhatsApp. Nia yake huenda ni njema na kisu chake huenda ni kikali, lakini nchini Uingereza kuchinja kwa kufuata dini bila kumzimisha mnyama kunaruhusiwa kwenye machinjio yenye kibali tu, na mchinjaji lazima awe na cheti cha umahiri. Kuchinja shambani na kuuzia watu ni kosa la jinai, bila kujali ni Mwislamu au si Mwislamu. Nyama hiyo haijaonwa na daktari wa mifugo, kwa hiyo ini lenye minyoo au mnyama aliyetoka kudungwa dawa hupita bila mtu kujua, na ikitokea watu wakaugua huna risiti wala wa kumlalamikia. Kama anafahamu vizuri kazi hiyo, na apate cheti akachinje kwenye machinjio yenye kibali, kisha mtanunua kwake kwa raha.

Kuhusu fedha, elewa kwamba ile haki ya kurudisha bidhaa iliyonunuliwa mtandaoni ndani ya siku 14 haihusu vitu vinavyoharibika upesi, hivyo huwezi kubadili mawazo. Lakini Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inataka bidhaa iwe na ubora unaoridhisha na ilingane na maelezo yake, na hasara ya njiani ni ya muuzaji mpaka mzigo ufike mikononi mwako. Asikuambie ukamdai msafirishaji. Lipa kwa kadi, usitume fedha benki kwa mtu usiyemjua. Oda ya kwanza iwe ndogo, bega la kondoo na kuku mmoja, kisha uamue. Ukigundua kwamba maelezo ya halali yalikuwa ya uongo, peleka lebo na barua pepe zako kwa Trading Standards, yaani idara ya halmashauri inayosimamia biashara ya haki, na umjulishe mwenye nembo pia, kwa sababu yeye ndiye mwenye hasara ya haraka zaidi na huchukua hatua mapema.

Nimalizie na Idi Kubwa, kwa kuwa maduka mengi huanza kuchukua oda za udhhiya wiki kadhaa kabla. Mnyama wa udhhiya huchinjwa baada ya swala ya Idi, na machinjio ya Uingereza siku hiyo huwa na foleni ndefu, kwa hiyo nyama halisi hufika jioni au siku inayofuata, na kwa Cornwall pengine siku ya tatu. Duka linalokuahidi kifurushi asubuhi ya Idi linakuuzia nyama iliyochinjwa kabla, ambayo unaweza kuipika biriani lakini haihesabiki kuwa udhhiya. Taka jina lako liandikwe kwenye oda kama mwenye kuchinjiwa, na uandikiwe siku na saa mnyama alipochinjwa.